Namna ya Kuandika Sentensi ya Kwanza ya Hadithi Kutokana na Picha

Chukua picha ya kichochoro cha Mji wa Kale, Mombasa. Pana mlango wa kuchonga ambao ubao wake mmoja uko wazi na wa pili umefungwa. Juu ya baraza pamewekwa dele la kahawa na vikombe viwili vidogo, kimoja kimepinduliwa, na penye kizingiti iko ndara moja ya mtoto. Mtu haonekani. Picha hii ndiyo tutakayoifanyia kazi.

Kabla ya kuandika, itazame kwa dakika kadhaa, kisha uorodheshe kwanza vilivyomo na baadaye visivyokuwamo ambavyo ulitarajia kuviona. Orodha ya pili ndiyo yenye hadithi: mnywaji wa kahawa yuko wapi, na ndara ya pili imekwenda wapi?

Wanafunzi wengi huanza hivi: “Nje ya mlango wa zamani kulikuwa na dele la kahawa na vikombe viwili.” Sarufi haina kasoro, lakini aliyeiona picha haongezewi kitu, na ambaye hakuiona hajapata sababu ya kuendelea kusoma. Picha imeshika nukta moja tu ya wakati. Haina sauti, haina harufu, haina jana wala majina ya watu, na kwa hiyo sentensi ya kwanza inapaswa kuleta angalau kimoja kati ya hivyo. Linganisha na hii: “Tangu mwanawe aende baharini, Bi Zuhura hupanga vikombe viwili barazani, na kimoja hukipindua.” Vikombe ni vile vile, ila sasa vina historia, na msomaji anataka kujua kama mwana huyo atarudi.

Tazama kazi iliyofanywa na kiambishi hu- katika sentensi hiyo. Uchaguzi wa wakati wa kitenzi, kwa maoni yangu, ndio uamuzi mkubwa kuliko wote katika sentensi ya mwanzo, na ndio unaofanywa kwa haraka zaidi. Hu- huifanya picha iwe desturi ya kila siku, na msomaji huanza kungoja siku ambayo desturi hiyo itavunjika. -Li- hulifanya tukio kuwa la mara moja, lililokwisha. -Me- huacha alama za tendo zikiwa bado mbichi: “Zuhura ametoka, na kahawa haijapoa.” Ama -ka-, ambayo kwa kawaida hufuata kitenzi kilichotangulia, ikiwekwa mwanzoni kabisa humfanya msomaji ahisi kwamba amefika barazani mazungumzo yakiwa yamekwisha kuanza: “Akakipindua kikombe, akaingia ndani bila ya kuaga.” Mwanzo wa namna hii una nguvu nyingi, lakini sentensi ya pili lazima imwambie msomaji haraka huyo ni nani, vinginevyo atachoka kupapasa gizani.

Mpangilio wa maneno nao una uzito wake. “Ndara moja ilibaki mlangoni” ni taarifa. “Mlangoni palibaki ndara moja” hutupeleka kwanza mahali, kisha hutuonyesha kitu, na neno “moja” linaloishia sentensi ndilo linalobaki sikioni. Jaribu kila sentensi kwa mipangilio yote miwili kabla ya kuchagua.

Picha ya mahali mashuhuri ina mtego wake. Anayepewa picha ya Ngome ya Yesu hukimbilia kuandika kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, jambo ambalo ni kweli, lakini huo ni mwanzo wa somo la historia. Hadithi huhitaji mtu aliye katika hali fulani: “Lango la Ngome lilipofungwa jioni ile, mmoja wetu alikuwa bado ndani.” Mwaka unaweza kusubiri hadi mhusika atakapouhitaji.

Watambaji wetu walikuwa na “Paukwa!” na hadhira ikaitikia “Pakawa!”, ndipo hadithi ikaanza. Kwenye karatasi hakuna wa kuitikia, na ndiyo maana nasisitiza kwamba sentensi ya kwanza isomwe kwa sauti mbele ya mtu ambaye hajaiona picha. Usimweleze chochote. Akiuliza “Kisha?” au “Nani huyo?”, sentensi imeitikiwa. Akiuliza mlango ulikuwa wa rangi gani, bado unaieleza picha. Rudi kwenye orodha ya vitu visivyokuwamo uchague kingine.

Andika mianzo isiyopungua mitano kwa picha moja, kwa kuwa ule wa kwanza mara nyingi ni ule ambao kila mtu angeuandika. Ukishauchagua mmoja, ilaze picha kifudifudi juu ya meza, kisha uandike sentensi ya pili bila ya kuitazama.