Ukigeuza kamera mkononi, nyayo zielekee shoti inapoishia

Unapogeuza kamera ya mkononi kutoka upande mmoja hadi mwingine, usisimame ukielekea pale shoti (kipande cha video unachorekodi) inapoanzia. Elekeza nyayo pale inapoishia, legeza magoti kidogo, bana viwiko mbavuni, kisha zungusha kiuno kurudi mwanzo. Rekodi sekunde 3 kamera ikiwa imetulia, ndipo uuachie mwili ugeuke taratibu hadi unyooke, utulie tena sekunde 3. Mhariri atazihitaji sana hizo. Mwili unaojisokota hukaza kadiri unavyoendelea, na mkazo huo ndio unaotikisa picha mwishoni, pale hasa jicho la mtazamaji linapotua. Ukianza umejisokota, unamaliza umelegea. Mwendo nao: kamera ikirekodi picha (fremu) 24 kwa sekunde, kitu kilichosimama kichukue kama sekunde 7 kuvuka picha nzima kutoka ukingo hadi ukingo, la sivyo nguzo na kuta zitaonekana zikirukaruka. Ukimfuata mtu anayekimbia, achana na hesabu hiyo, shika mwendo wake. Mbinu hii hugoma mgeuko ukikaribia nusu duara, maana kiuno hakifiki, na kwa lenzi ndefu, ile inayovuta vitu vya mbali, hata pumzi huonekana kwenye picha. Hapo weka kamera kwenye stendi.