Kipindupindu kimeingia wilayani: mfuko wa hisani utoe nini, na uanze wapi

Mfuko wa hisani una nafasi moja ambayo halmashauri haina: unaweza kulipa leo. Ila uharaka huo huandaliwa kabla ya mlipuko. Pitisheni kanuni ya kutoa kiasi maalumu ndani ya saa 48 kwa sahihi mbili, bila kungoja bodi nzima, na hati ya makubaliano na halmashauri iwe imeshasainiwa.

Kabla ya kununua chochote, mpigieni mganga mkuu wa wilaya. Muulizeni wagonjwa wapya ni wangapi kwa siku, wanatoka kata zipi, stoo ina akiba ya siku ngapi, na nani mwingine ameahidi nini. Swali la mwisho husahaulika, ndiyo maana wafadhili watatu huleta sabuni na hakuna aliyeleta dripu.

Kipimo cha WHO kwa wagonjwa 100, ambao 20 kati yao hufika wamekaukiwa maji mwilini kabisa, ni pakiti 650 za ORS (chumvi na sukari ya kunywa) na chupa 120 za lita moja za Ringer Lactate (dripu yenye chumvi) pamoja na mipira yake. Dripu za glukosi tupu msinunue: hazirudishi chumvi iliyopotea.

Klorini ya unga ya asilimia 70 huchanganywa hivi kwa kila lita 10 za maji: gramu 7 kwa kunawa mikono, gramu 30 kwa sakafu na vitanda, gramu 300 kwa matapishi na kinyesi. Nunueni na mizani ndogo, maana kukadiria kwa kijiko ndiko kunakoharibu. Klorini iwekwe kwenye plastiki yenye mfuniko, kivulini. Chuma hulika, na jua huiua nguvu. Kwa boza la maji, lipieni pia kipimaji cha klorini na vidonge vyake vya DPD 1, ambavyo hubadili rangi ya maji yenye klorini. Nusu saa baada ya kutia klorini, maji yanayotoka kwenye bomba la boza yasome angalau miligramu 0.5 za klorini kwa lita. Boza lisilopimwa laweza kusambaza ugonjwa wenyewe.

Sasa yale yasiyopendeza kwenye picha: dizeli, vocha za wahudumu wa afya ya jamii, chakula cha wauguzi wa zamu ya usiku, vitanda vyenye tundu na ndoo chini yake. Hapa ndipo kambi nyingi za matibabu ya kipindupindu hukwama, na hapa ndipo fedha ya hisani ina thamani kuliko nyingine yoyote. Posho ifuate viwango vya serikali. Mkizidisha, wauguzi watahamia kambini na kliniki ya watoto itabaki tupu.

Ndugu walioko London au Muscat hupenda kukusanya maboksi ya dawa. Waombeni pesa. Dawa za msaada zinatakiwa ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika, na Tanzania haziingii bila kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Zikikwama bandarini, gharama za kuhifadhi na kuteketeza humwangukia mpokeaji.

Toeni kwa awamu: ya kwanza mara moja, ya pili mkishaona leja ya stoo na orodha ya wagonjwa kwa kata, isiyo na majina. Bakizeni fungu la kisima na vyoo katika kata iliyotoa wagonjwa wengi, kwa sababu wafadhili wengine huondoka kambi ikifungwa.