Kupanga Sauti ya Spika za Studio kwa Kadiri ya Umbali

Anayefungua studio katika chumba kidogo cha Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, aanze kwa kupima kwa futikamba umbali kati ya spika na sikio lake, kwa kuwa kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti itokayo moja kwa moja kwenye spika hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kizio cha ukubwa wa sauti). Spika inayofikia desibeli 100 katika mita 1 itafikisha 94 katika mita 2 na 88 katika mita 4, ingawa kuta tupu za tofali hurudisha sauti na kupunguza pengo hilo (faida nisiyoitaka, maana huvuruga besi).

Katika chumba kama hicho, wastani wa desibeli 76 hivi unatosha. Ongeza 20 kwa ajili ya mapigo makali ya ngoma, ipatikane 96. Ukikaa mita 1.5, umbali unakula 3.5, hivyo tafuta spika inayofikia 100 katika mita 1.

Kisha cheza pinki noizi, ule mvumo wa majaribio, uliorekodiwa desibeli 20 chini ya kikomo cha dijitali (kiwango cha juu kabisa ambacho rekodi inaweza kubeba), spika moja baada ya nyingine, kipima sauti kikiwa mahali pa kichwa chako, ukiongeza taratibu hadi kisome 76. Mvua ikipiga bati, ahirisha.