Zoezi la ganzi ya mgongo iliyopanda juu: lifanyieni ndani ya thieta yenu

Ganzi ya mgongo ikipanda kupita kifua, mama anayefanyiwa upasuaji wa kujifungua anaweza kuacha kupumua mbele yenu. Haitokei mara nyingi, ndiyo maana siku ikitokea mikono haijazoea.

1. Tumieni meza ile ile mnayopasulia. Ukumbi wa mikutano hautawaonyesha kwamba ambu bagi (mfuko wa kumsukumia mgonjwa hewa kwa mkono) imefungiwa kabatini na ufunguo anao sista aliyetoka zamu.

2. Mama aigizwe na mtu, si mdoli. Dalili za mwanzo mtazisikia mdomoni mwake: "Vidole vinakufa ganzi", "Nashindwa kukushika mkono", kisha sauti inafifia hadi mnong'ono. Mdoli hana sauti ya kupotea. Pumzi ikikata, ndipo mdoli ashike nafasi.

3. Mwezeshaji ataje namba: presha 70/40, mapigo 45, oksijeni 88. Timu itende, isihadithie: kuita msaada, ambu bagi na oksijeni, kusogeza tumbo la uzazi kushoto, dripu, efedrini au adrenalini za kupandisha presha, mpira wa kupitisha hewa kooni. Vichupa viwe vya maji, vyenye lebo ZOEZI, na vihesabiwe vyote kabla mgonjwa wa kweli hajaingia. Hili sina mzaha nalo.

4. Mapigo yakipotea, kandamizeni kifua, mmoja ashike saa. Dakika ya 4 moyo haujarudi, mpasuaji aanze kumtoa mtoto hapo hapo. Mtoto awe nje kufikia ya 5.

5. Kaeni mjadili. Aanze mdogo kwa cheo; bingwa akitangulia, waliobaki wataitikia tu "ndiyo, daktari".

Maswali

— Mwalimu, mtu wa usingizi kwetu ni mmoja. Akishughulika na njia ya hewa, dawa anachoma nani?

Muuguzi mliyempangia kabla ya kuanza. Arudie dozi kwa sauti, ajibiwe, ndipo achome.

— Sisi huinua kichwa cha meza ili mama apumue. Ni kosa?

Kwa hali hii, ndiyo. Mishipa imelegea, damu hairudi vizuri moyoni. Inueni miguu.

— Na tusio na mdoli?

Mto mgumu unatosha kwa kukandamiza kifua. Msichoweza kukosa ni saa. Ya kwetu ukutani tuligundua imesimama katikati ya zoezi, tulipofika hatua ya 4.