Kutambua misuli ya mkazo wa haraka katika samaki-pundamilia

Anayechunguza misuli ya mkazo wa haraka katika kiinitete cha samaki-pundamilia hupata alama ya kuaminika katika kingamwili F310 (protini inayonata kwenye lengo moja mahususi), ambayo hushika mnyororo mwepesi wa mayosini, protini inayoikaza misuli hiyo. Hata hivyo, nashauri usiitumie peke yake, kwa sababu nyuzi za haraka hueleweka vizuri zaidi zinapoonekana sambamba na zile za polepole.

Hapo ndipo wengi hukwama, nami nilipoteza viinitete vingi kabla ya kulielewa jambo hili: F59, inayopendwa sana kwa nyuzi za polepole, ni ya panya na ya aina ya kingamwili iitwayo IgG1 kama F310 yenyewe, hivyo kingamwili ya pili, yaani ile yenye rangi inayoishika ya kwanza, haiwezi kuzitenganisha, na rangi zote mbili hujitokeza mahali pamoja. Badala yake tumia S58, ambayo pia hutambua mayosini ya polepole lakini ni ya aina ya IgA, kisha uchague kingamwili za pili zinazobagua aina hizo mbili.

Kufikia saa 24 baada ya utungisho, nyuzi za polepole huwa zimehamia juu na kufanya tabaka moja chini ya ngozi, huku zile za haraka zikiwa ndani zaidi. Kwa hiyo piga picha za hadubini tabaka kwa tabaka. Kwa samaki aliye hai, jeni ya mng'ao inayoongozwa na promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni) ya mylpfa, jeni ya misuli ya haraka iliyoitwa mylz2 zamani, inafaa zaidi.