Bluu ya spirulina: pima joto na asidi kabla uweke kwa juisi

Wadau wa juisi na aiskrimu, ile bluu mnanunua bei ghali ni fikosianini, protini ya spirulina (viumbe vidogo sana vya majini), na protini nyingi ukizipika ama kuzimwagia ndimu hubadilika. Jaribu nyumbani kwanza.

Hatua ya 1. Koroga kijiko cha chai cha unga wa kijani wa spirulina kwa nusu kikombe cha maji baridi, weka friji usiku kucha. Asubuhi usitikise, chuja ya juu polepole na karatasi ya kuchujia kahawa. Klorofili, ile rangi ya kijani, haiyeyuki kwa maji so kijani inabaki chini, we unapata bluu. Zima taa, mulika glasi kwa ubavu na tochi ya simu, utaona maji yanang'aa wekundu wekundu. Protini ikifumuka, yaani ikipoteza umbo lake la kukunjwa, huo wekundu unazimika, so ndio kipimo utatumia kila hatua.

Hatua ya 2, joto. Gawa kwa glasi, moja usiiguse, hiyo ni ya kulinganisha. Zingine zikae kwa sufuria ya maji moto nusu saa, digrii 40, 50, 60 na 70. Ya 40 haina shida, ikipita 47 hivi inaanza kushuka mbio, ya 70 inafifia ukiiangalia tu. Na temomita usiipime kwa maji yanachemka ukingoja 100, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji huku yanachemka kwa 94 hivi.

Kinachofanyika ni hivi: rangi yenyewe imegandishwa kwa protini, na protini ikiwa imekunjwa vizuri inaishikilia imenyooka. Ikifumuka, rangi inajipinda, bluu inaisha. Ukipoza hairudi.

Hatua ya 3, asidi. Hapa nunua karatasi za pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi ni kali zaidi), kuonja ni kujidanganya. Fikosianini inapenda 5.5 mpaka 7. Maziwa ni 6.7 hivi, mala 4.5, pasheni kama 3, ndimu 2 na kitu. Weka ndimu tone moja moja, ikikaribia 4 maji yanakuwa na ukungu halafu vipande vidogo vya bluu vinazama, watu wanafikiria ni uchafu kumbe ni protini imeshikana kwa sababu imepoteza chaji ya umeme. Ukiwahi na baking soda kidogo zingine zinayeyuka tena.

Hatua ya 4. Rudia jaribio la digrii 50, lakini glasi moja iwe pH 6 na ingine 4. Hii usiruke, kwa juisi joto na asidi huja pamoja.

Hatua ya 5. Yeyusha sukari mingi kwa hiyo bluu ikiwa baridi, iwe sharubati nzito, sukari inasaidia protini isifumuke haraka. Aiskrimu yako pika kawaida, ipoe chini ya 40, ndio utie. Pasheni mimi siwekangi bluu kabisa, ni kuchoma pesa. Sharubati inayobaki iweke friji kwa chupa ya giza, mwanga pia unaiharibu.