Waja leo, waondoka leo: kuingia Wi-Fi ya ugenini kwa kitambulisho cha nyumbani

Mpwa wangu anasoma chuo Dar. Juzi alipita hapa Tanga akielekea Mombasa kwa mafunzo ya wiki tatu, na kabla hata chai haijapoa akanikabidhi simu: "Mjomba, huko wanasema kuna eduroam. Nikifika naomba nywila kwa nani?"

Haombi kwa mtu. Somo la leo ndilo hilo.

Eduroam, mtandao wa Wi-Fi wa vyuo vya nchi nyingi, ilianzia Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wazo lake ni jepesi: chuo chako ndicho kinachokujua, mwenyeji anauliza tu. Simu ikiomba kuingia, mtambo wa Mombasa hauangalii nywila. Unasoma kilichoandikwa baada ya alama ya @, kisha unapitisha ombi kwenye seva za RADIUS (mitambo ya kuhakiki watumiaji), nchi kwa nchi, mpaka seva ya chuo cha Dar. Ni kama kifurushi unachompa konda pale stendi ya Kange: juu pameandikwa kinakokwenda, ndani kimefungwa. Konda hafungui. Mwenyewe akikipokea anajibu "huyu wetu" au "simjui", na mlango unafunguka au unabaki umefungwa.

Sasa tushike simu.

1. Fanya haya ukiwa nyumbani, bando likiwepo. Ukishavuka Horohoro bila intaneti, utapakua na nini?

2. Pakua programu ya geteduroam, tafuta jina la chuo chako, ingiza akaunti yako. Yenyewe inapanga kila kitu. Kama chuo chako hakimo, omba maelekezo kwa watu wa TEHAMA wa chuo, uende hatua ya 3.

3. Kwa mkono: fungua Wi-Fi, chagua eduroam. Jina liandike kamili, pamoja na @ na anwani ya chuo. Mpwa wangu alikuwa ameandika namba ya usajili peke yake. Dar ilikubali, kwa sababu pale yuko kwao. Mombasa isingejua imuulize nani.

4. Cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali cha seva ya chuo. Hapa nakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoibiwa. Simu itauliza ikague cheti cha seva au isikague. Wengi wanachagua "usithibitishe" ili yaishe. Sasa fikiria kijana amekaa mgahawani na kompyuta yake, ametangaza mtandao kwa jina lile lile, eduroam. Simu isiyokagua cheti itamkabidhi kifurushi yeye, na gundi ataibandua mwenyewe. Weka cheti ulichopewa na chuo, na kwenye kikoa (domain) andika jina la seva ya chuo. Simu nyingi za Android 11 kwenda juu zimeliondoa chaguo lile la kutokagua. Watu wanalalamika, mimi nashukuru.

5. Jaribu kabla ya safari, ukiwa chuoni kwako. Ikikubali pale kwa jina kamili, umebakiza mkoba.

Kwa asiye mwanachuo kuna OpenRoaming, inayosimamiwa na Wireless Broadband Alliance tangu 2020. Wazo ni lile lile, ila mtambulishaji wako anaweza kuwa kampuni ya simu au mtoa huduma mwingine. Simu inatambua mtandao kwa ufundi uitwao Passpoint, inaingia kimya kimya, hakuna ukurasa wa kujaza namba ya simu. Mimi kurasa hizo nilizichoka siku niliyojaza namba kwenye nyumba moja ya wageni. Meseji za bahati nasibu zilinifuata mwezi mzima.

MASWALI

Swali: Kaka, kwa hiyo mwenye mtandao wa ugenini haoni nywila yangu?
Jibu: Haioni, mradi hatua ya 4 umeifanya. Anachoona ni anwani ya chuo chako, na jina lako pia kama hukujaza utambulisho wa nje (anonymous identity). Jaza pale anonymous, kisha @ na anwani ya chuo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nikiingia hivyo, intaneti yangu inapitia Dar?
Jibu: Marahaba. Hapana, Dar inaulizwa swali moja tu, mengine yote yanatokea pale pale ulipo. Usimbaji, yaani kuzifunga data zisisomeke, ni kati ya simu yako na mtambo wa pale, mbele ya hapo unategemea kufuli (https) la tovuti yenyewe. Ukiwa na shaka na mwenyeji, washa VPN, programu inayoyafunga mawasiliano yako mwenyeji asiyasome.

Swali: Nimebadilisha nywila ya chuo, sasa eduroam inagoma. Nimeharibu nini?
Jibu: Hujaharibu, dada. Simu bado inapeleka nywila ya zamani. Sahau mtandao, rudia hatua ya 2.

Swali: Na mpwa alifanikiwa?
Jibu: Juzi jioni alinitumia picha ya mahamri na mbaazi kwa WhatsApp. Bando lake, anasema, hajaligusa.